Mwalimu wa Uchumi Aliyekabidhiwa Hazina
Habari za Maisha na Kazi ya Marehemu Mwai Kibaki, 1931–2022

Ni desturi ya Chama chetu, baada ya taarifa ya Mweka Hazina na orodha ya wanachama waliofariki, kuweka katika kijitabu hiki habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yaweza kutufundisha jambo. Mwaka huu Kamati imetuagiza tuandike habari za Marehemu Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Jamhuri ya Kenya. Wengi wetu twamkumbuka kwa urais wake, lakini urais ulimjia akiwa na umri wa miaka 71. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa elimu ya uchumi, kisha Waziri kwa muda mrefu, na mengi aliyoyafanya alipokuwa Rais yalitokana na yale aliyoyasoma na kuyajaribu zamani. Kwa hiyo tutaeleza zaidi juu ya mwalimu na Waziri, na hasa juu ya swali moja lililofuatana naye tangu ujana hata uzee: fedha za umma zikiwa chache, ziende kwa nani kwanza?

Kuzaliwa na Masomo

Alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1931, katika kijiji cha Gatuyaini, Othaya, Wilaya ya Nyeri. Baba yake, Mzee Kibaki Githinji, na mama yake, Teresia Wanjiku, walikuwa wakulima. Mapadre wa Kiitaliano walimbatiza kwa majina ya Emilio Stanley, lakini majina hayo hakuyatumia sana alipokuwa mtu mzima. Alianza kusoma kijijini, akaenda shule ya misheni ya Karima, kisha Mathari, na mwaka wa 1947 akaingia Mang'u, shule iliyosifika kwa ukali wa masomo yake. Wazee wetu watakumbuka ya kwamba katika siku zile mtoto wa Kiafrika aliyefika sekondari alikuwa amepita katika tundu la sindano.

Mwaka wa 1951 alikwenda Makerere, Uganda, kwa kuwa Kenya haikuwa bado na chuo kikuu chake. Huko alisoma uchumi, historia na siasa. Alipokuwa katika masomo, Serikali ya wakoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, mwezi wa Oktoba 1952, na Wilaya ya Nyeri ikawa katikati ya vita. Watu walifukuzwa katika mashamba yao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Si kazi nyepesi kijana kusoma hesabu za mali za mataifa hali kwao hapana amani. Hata hivyo mwaka wa 1955 alipata shahada ya daraja la kwanza, akiwa mbele ya wenziwe.

Alifanya kazi muda mfupi katika Kampuni ya Shell nchini Uganda, upande wa mauzo. Kisha akapata msaada wa masomo, akaenda London kusoma katika chuo cha London School of Economics. Alichokichagua huko ni elimu ya fedha za serikali, yaani jinsi serikali inavyotoza kodi, inavyokopa, na inavyogawa matumizi yake. Hapo pia alifaulu kwa sifa. Mwaka wa 1958 alirudi Makerere, safari hii si kama mwanafunzi bali kama mwalimu msaidizi wa uchumi.

Kuacha Ualimu

Ualimu wa chuo kikuu ulikuwa na heshima na mshahara wa hakika. Mtu ye yote angalisema kijana huyu amefika. Lakini mwaka wa 1960 aliacha kazi hiyo, akarudi Nairobi kushika kazi ya ofisi ya chama cha KANU, ambacho kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Aliyemtaka aje ni Bwana Tom Mboya, Katibu Mkuu wa chama. Chama kile kilikuwa na wasemaji wengi wa kuwasha mikutano. Kilichopungua ni mtu wa kuketi mezani na kuandika. Bwana Kibaki aliandika. Alishiriki pia katika kutayarisha Katiba ya Uhuru.

Katika uchaguzi wa 1963 alipata kiti cha Doonholm, Nairobi, akafanywa Katibu wa Bunge katika Wizara ya Fedha, chini ya Bwana James Gichuru. Tangu siku hiyo hakutoka Bungeni kwa miaka hamsini, hata alipostaafu mwaka wa 2013.

Waraka wa 1965

Mwaka wa 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika mipango ya Kenya. Bwana Mboya ndiye aliyekuwa Waziri wa Mipango, naye Bwana Kibaki alikuwa mmoja wa walioshika kalamu. Waraka huu wapaswa kujulikana na kila Mkenya, maana ndani yake mna hesabu moja iliyogeuza maisha ya watu wengi.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme Serikali ina pauni milioni moja. Ikiziweka katika wilaya fulani, mazao ya nchi yataongezeka kwa pauni 20,000. Ikiziweka katika wilaya nyingine, yataongezeka kwa pauni 100,000. Waraka ulisema ni busara kuziweka katika ile ya pili, kwa sababu nchi nzima itapata pauni 80,000 zaidi, na kwa faida hiyo itaweza kuisaidia ile wilaya ya kwanza. Kwa hiyo fedha za maendeleo zielekee kwanza penye udongo mzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo.

Mwalimu wa uchumi hawezi kuikosoa hesabu hiyo kwa kujumlisha na kutoa, ni sahihi. Lakini tutazame ramani. Penye udongo mzuri na mvua palikuwa ni mahali pale pale ambapo wakoloni walikuwa wamekwisha jenga reli, barabara na shule. Wajir, Turkana, Marsabit na sehemu kubwa ya Pwani hazikuwamo katika hesabu ya kwanza. Na ile sehemu ya pili ya maneno, ya kwamba faida itarudi kuwasaidia waliosubiri, haikuandikiwa mwaka wala kiasi, wala hakutajwa atakayeulizwa ikiwa haikurudi.

Hata wakati ule hawakukosekana waliouliza maswali. Mtaalamu mwingine wa uchumi, Bwana Barack Obama wa Nyanza, ambaye mwanawe alikuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika katika jarida la East Africa Journal mwaka huo huo wa 1965 akiupima Waraka kwa ukali, na kuuliza mali ya nchi itakuwa mikononi mwa nani. Vijana wale wawili walikuwa wasomi wa elimu moja, wakatazama karatasi moja, wasione jambo moja.

Wanachama wataona ya kwamba swali hili si geni kwetu. Kamati imeleta mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu mapendekezo mawili juu ya Akiba ya Karo. Wengine wasema akiba yote ilipiwe watoto waliopata alama za juu, kwa kuwa hao ndio watakaoajiriwa upesi na kukisaidia Chama. Wengine wasema igawiwe kwa kuangalia haja, hata kama mtoto wa mjane hakuongoza darasa. Hili ni lile lile la pauni milioni moja, ila kwa shilingi chache.

Waziri wa Fedha

Mwaka wa 1966 Bwana Kibaki alifanywa Waziri wa Biashara na Viwanda. Mwezi wa Julai 1969 Bwana Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na mwisho wa mwaka huo Bwana Kibaki, akiwa na miaka 38, alikabidhiwa Wizara ya Fedha. Kazi hiyo aliishika hadi mwaka wa 1982.

Kila mwezi wa Juni alisimama Bungeni kusoma Makadirio. Waliomsikia wasimulia ya kwamba alisema kwa wepesi, kama mtu aliye mbele ya darasa, akieleza kwa nini sigara imepanda bei na kwa nini ushuru fulani umepunguzwa. Mwaka wa 1970 Serikali ilinunua sehemu kubwa ya benki ya National and Grindlays, ikazaliwa Benki ya Biashara ya Kenya, ambayo wengi wetu twaijua kwa matawi yake.

Kisha yakaja majaribu. Mwisho wa mwaka wa 1973 nchi zenye mafuta zilipandisha bei, hata katika miezi michache pipa moja likawa na bei mara nne ya ile ya kwanza. Kenya haikuwa na mafuta yake. Kila gari, kila kiwanda na kila taa ya chemni ilitegemea meli zilizotia nanga Mombasa. Waziri alilazimika kukopa nje na kubana matumizi. Mwaka huo huo wa 1973 Kenya ilianza kutoza kodi ya mauzo, mama wa kodi hii ya ongezeko la thamani tunayolipa dukani leo.

Baada ya dhiki ikaja neema. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, na katika miaka ya 1976 na 1977 bei ya kahawa ikapanda kuliko ilivyopata kuonekana. Katika nchi nyingi za Afrika serikali zilichukua faida hiyo zenyewe na kumwachia mkulima makombo. Katika Kenya sehemu kubwa ya bei ile ilimfikia mkulima, hata yule mwenye mibuni michache. Ndipo tulipoona nyumba za mabati na za mawe zikiota katika vilima vya Nyeri, Murang'a, Meru na Kisii. Sifa hii ni yake kwa haki. Lakini neema ile ilinyesha palipo na kahawa, na palipo na kahawa ni pale palipopewa fedha kwanza.

Wakati wa uwaziri wake pia, mwaka wa 1972, wataalamu wa Shirika la Kazi la Dunia waliichunguza Kenya wakasema ya kwamba mafundi wa mabati, washona viatu na wachuuzi wadogo si uchafu wa mji wa kufagiliwa, bali ni watu wenye kazi ya halali inayoleta mali. Leo twawaita jua kali. Serikali ilikubali maneno hayo katika karatasi mwaka wa 1973, ijapokuwa askari wa baraza la mji waliendelea kuwakimbiza miaka mingi.

Kushuka na Kutoka

Mzee Jomo Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti, 1978. Rais Daniel arap Moi alimchagua Bwana Kibaki kuwa Makamu wake, huku akiendelea na Wizara ya Fedha. Mwaka wa 1982 Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, naye akiwa Makamu wa Rais hakupinga. Mwaka huo akaondolewa Fedha na kupewa Mambo ya Ndani. Mwaka wa 1988 aliondolewa umakamu, akapewa Wizara ya Afya. Hakulalamika hadharani. Wapo waliouita ukimya huo hekima, na wapo waliouita woga. Msomaji na aamue.

Hata watu walipoanza kudai vyama vingi, yeye alisema ya kwamba kutaka kuiondoa KANU ni kama kujaribu kuukata mugumo kwa wembe. Maneno hayo yalimfuata. Maana mwezi wa Desemba 1991, sheria ya chama kimoja ilipofutwa, alijiuzulu siku ya Krismasi na kuunda chama chake cha Democratic Party. Mwaka wa 1992 alikuwa wa tatu katika uchaguzi wa Rais, mwaka wa 1997 wa pili. Miaka ile ya upinzani alirudia tena kazi ya mwalimu: alisimama Bungeni na kuyachambua Makadirio ya wengine, tarakimu kwa tarakimu.

Urais

 Ilikuwa tarehe 27 Desemba, 2002, na wananchi walimchagua kwa kura 62 katika kila mia. Aliapishwa katika Uhuru Park tarehe 30, akiwa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya gari ya mwanzo wa mwezi huo. Mwaka huo uchumi wa nchi ulikuwa umekua kwa nusu tu kwa mia.

Jambo lake la kwanza lilikuwa shule. Mwezi wa Januari 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa. Jambo hili lilikuwa limejaribiwa mwaka wa 1974, yeye akiwa Waziri wa Fedha, lakini wazazi wakatozwa fedha za majengo, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Safari hii Hazina ilituma fedha shuleni. Watoto waliokuwa karibu milioni 6 wakawa zaidi ya milioni 7 katika mwaka mmoja. Mwaka wa 2004 Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, akiwa amevaa sare na kaptura.

Jambo la pili halikutajwa sana, lakini kwa habari yetu ni kubwa. Mwaka wa 2003 sheria iliunda Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge. Mbili na nusu kwa mia ya mapato ya kawaida ya Serikali iligawiwa maeneo yote 210: robo tatu kwa usawa, na robo moja kwa kuangalia umaskini. Kwa mara ya kwanza Wajir Kaskazini ilipata fungu lake kwa sheria, bila kuulizwa itazalisha pauni ngapi.

Tusifiche upande wa pili. Serikali iliyoahidi kukomesha ufisadi ilipatikana na mikataba ya Anglo Leasing, na fedha za umma zikaahidiwa makampuni yasiyojulikana yalipo. Na mwaka wa 2005 Katiba aliyoipendekeza ilikataliwa na wananchi kwa kura.

Siku za Damu

Mwaka wa 2007 uchumi ulikua kwa karibu 7 kwa mia. Kwa tarakimu, nchi ilikuwa haijapata kufanya vizuri hivyo kwa miaka mingi. Uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Desemba; matokeo yakabishaniwa; Rais akaapishwa jioni ya tarehe 30; na nchi ikawaka moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walikimbia makwao. Mzee Maruge, yule mwanafunzi wa Eldoret, alikuwa miongoni mwa waliopoteza makao na kulala katika hema.

Katika Chama chetu wamo wa makabila mengi, na kila mmoja aliisikia habari hiyo kwa masikio ya kwao. Hatutaki kufungua kidonda. Twasema tu ya kwamba wengi walioshika mapanga hawakuiona ile saba kwa mia. Waliona ya kwamba mtu wa kwao asipokuwa Ikulu, hapana barabara wala kazi. Na imani hiyo ilikuwa imejengwa kwa miaka arobaini na zaidi ya kusubiri faida isiyo na tarehe.

Bwana Kofi Annan alisuluhisha. Tarehe 28 Februari, 2008, Rais Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano, na Bwana Odinga akawa Waziri Mkuu. Mwaka huo iliundwa Wizara ya Kaskazini mwa Kenya na nchi kame, na katika wakati wake lami ilianza kutoka Isiolo kuelekea Moyale.

Katiba ya 2010

Tarehe 4 Agosti, 2010, wananchi waliikubali Katiba mpya, na tarehe 27 ya mwezi huo Rais Kibaki aliitia sahihi mbele ya umati katika Uhuru Park. Katiba hiyo iliweka kaunti 47, ikaamuru ya kwamba kaunti zipewe si chini ya 15 kwa mia ya mapato ya taifa, na ya kwamba nusu kwa mia iwekwe katika Hazina ya Usawazishaji, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma.

Hapo ndipo twaona maana ya maisha haya. Mtu aliyeshiriki kuandika Waraka wa 1965 akiwa na miaka 33 ndiye aliyeitia sahihi Katiba ya 2010 akiwa na miaka 78. Waraka ulisema faida itarudi. Katiba ilisema ni kiasi gani, irudi kwa nani, na nani ataulizwa isiporudi. Hatusemi ya kwamba Katiba ilikuwa kazi yake peke yake, maana wengi waliipigania na wengine walifungwa kwa ajili yake. Lakini alikuwapo mwanzo na mwisho, na hakuzuia mkono.

Alikabidhi madaraka tarehe 9 Aprili, 2013, akaenda kupumzika bila kelele. Alifariki tarehe 21 Aprili, 2022, akazikwa Othaya tarehe 30.

Fundisho kwa Chama

Kwa wasomi wetu vijana, twasema ya kwamba elimu yake ilifaa kwa sababu aliileta nyumbani. Barabara ya Thika, karo iliyofutwa na kodi zilizokusanywa kwa utaratibu ni kazi za mtu aliyejua hesabu. Lakini hesabu sahihi yaweza kumwacha jirani nje ya mlango, naye hatakaa huko akisubiri milele.

Kwa habari ya Akiba ya Karo, wanachama wataamua kwa kura zao, nasi hatuna haki ya kuwaamulia. Twaomba neno moja tu. Mkutano ukikubali kuanza na watoto wenye alama za juu, basi kanuni iandike ni shilingi ngapi katika kila mia zitatengwa kwa ajili ya watoto wa wajane na yatima, ni mwaka gani zitaanza kutolewa, na ni mwana Kamati gani atakayesimama katika Mkutano Mkuu kutoa hesabu yake. Ahadi ya kuwasaidia baadaye isiachwe midomoni.